Siku moja maishani mwangu: nauza mikoba ya kifahari Dubai

Saa 11:20 alfajiri

Tunalala wanawake sita katika chumba kimoja mtaa wa Deira, vitanda vya kupandana, na changu ni cha juu. Nikishuka nashuka kwa vidole vya miguu, maana dada wa Kampala anayelala chini yangu hurudi kutoka kazini usiku wa manane. Baada ya sala natandika taulo juu ya sanduku langu la safari, napiga pasi suti nyeusi ya kazini. Suti hii ina thamani kuliko nguo zangu nyingine zote zikijumlishwa, na si yangu. Siku nikiacha kazi nitairudisha na vifungo vyake vyote. Pamoja nayo duka limenipa viatu, hijabu nyeusi, chupa ndogo ya manukato na karatasi ya masharti: kucha fupi, hereni ndogo, hakuna kucheka kwa sauti.

Nauza mikoba ya ngozi katika duka la kifahari, ndani ya mojawapo ya majengo makubwa ya maduka hapa Dubai. Huu ni mwaka wangu wa nne. Naandika habari za Jumapili iliyopita kwa sababu binamu yangu alikuja kutembea mwezi wa Januari, akaingia duka moja la jirani na letu, akatoka machozi yanamlengalenga. Hakuna aliyemtukana wala kumwambia atoke. Jioni aliniuliza, "Mbona mnatuangalia vile?" Nilishindwa kumjibu, kwa sababu jibu lake ni refu kama siku nzima ya kazi.

Saa 2:10 asubuhi

Jumapili metro huanza saa 2, kwa hiyo sisi wa zamu ya asubuhi tunajazana katika treni ya kwanza. Mimi hupanda behewa la wanawake na watoto. Wengi humo ni wa kazi kama yangu. Utawajua kwa soksi nyembamba nyeusi na viatu vya kubadilisha vilivyomo mfukoni. Mwishoni mwa treni kuna behewa la Daraja la Dhahabu, nauli yake mara mbili ya yetu. Viti vyake ni vipana zaidi. Treni ni hiyo hiyo, reli ni hiyo hiyo, na tunafika pamoja dakika ile ile. Tangu nianze kazi hii sijaacha kulitazama lile behewa, kwa sababu humo naiona biashara yetu yote: mtu analipia kutokaa na wengine.

Saa 3:15 asubuhi

Wafanyakazi hatuingilii mbele. Tuna mlango wetu nyuma, karibu na magari ya kushusha mizigo, halafu ukumbi mrefu wa saruji wenye mabomba juu na harufu ya maji ya sabuni. Vitu vyetu tunabeba katika mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo: simu, kopo la chakula, msahafu mdogo, pedi za mwezi. Vyote vinaonekana na kila anayepita. Jioni tukitoka mlinzi anaufungua na kuukagua hata hivyo.

Nalisema hili mapema ili msomaji ajue. Yule dada wa dukani anayekupandisha na kukushusha kwa macho, nusu saa kabla ya hapo kapita mlango wa nyuma akiwa na pedi zake hadharani. Simtetei. Nasema tu kwamba nimewaona wengi wakivaa kiburi pamoja na suti, asubuhi, mbele ya kioo, wakikaza shingo mpaka ule ukumbi wa saruji uwatoke akilini. Nimewahi kuikaza yangu.

Saa 3:40 asubuhi

Kikao cha asubuhi. Meneja anasoma mauzo ya jana na tageti ya leo. Jumapili ni siku kubwa, kwani tangu Januari 2022 wikendi ya hapa ni Jumamosi na Jumapili. Anatukumbusha wateja wa miadi, nani anakunywa kahawa ya Kiarabu, nani chai, nani hapendi kuguswa mkono. Kila mmoja wetu ana daftari la wateja wake, na kamisheni yangu ni asilimia 1 ya ninachouza. Mkoba mmoja mkubwa unalipa kodi ya kitanda changu kwa wiki kadhaa.

Nilipoajiriwa tulifunzwa kwa siku tano na mwalimu aliyeletwa kutoka Ulaya. Siku ya pili ilikuwa ya kusoma watu. Tulifundishwa kumsoma mtu kutoka chini kwenda juu: viatu kwanza, kisha saa, kisha mkoba aliobeba, kisha kucha. Uso ndio wa mwisho. Nilizaliwa Majengo, Mombasa, ambako mtoto asiyemtazama mtu mzima usoni na kumwamkia hurudishwa mlangoni aingie upya. Ilinichukua miezi kujizoesha kuanza na viatu. Sasa naona kazi kuacha.

Mwalimu huyo ndiye aliyetusimulia utafiti uliochapishwa 2014 na Darren Dahl wa Chuo Kikuu cha British Columbia na Morgan Ward wa Southern Methodist, Marekani. Waligundua kwamba mtu anayetamani sana chapa ya kifahari, akikutana na muuzaji anayemdharau, anaweza kuitamani zaidi. Alitusimulia kwa furaha, kana kwamba tumepewa ruhusa ya kitabibu. Baadaye niliutafuta mwenyewe nikakuta mambo ambayo hakutuambia. Dharau haileti faida hiyo katika maduka ya kawaida. Muuzaji lazima awe anafanana na chapa yenyewe. Na muda ukipita ile hamu inapoa, aliyedharauliwa anabaki na chuki na duka. Tulifundishwa nusu ya utafiti, ile nusu inayouza.

Saa 4:00 asubuhi

Tunafungua. Nafuta vumbi kwa brashi laini, nageuza mikoba nembo itazame mlango, navaa glavu nyeupe.

Dharau ya duka la kifahari haianzi usoni mwa muuzaji. Imo katika jengo. Mlango wetu ni mzito na una mlinzi wa kuufungua, kwa hiyo huwezi kuingia bila kuonwa na mtu aliyeamua uingie. Nje kuna kamba ya kupangia foleni, na mara nyingi watu wanapanga foleni huku ndani tupo wauzaji tisa na wateja wawili. Mikoba imewekwa mmoja mmoja katika rafu ndefu yenye taa yake. Bei haionekani, karatasi yake imefichwa ndani ya mfuko mdogo wa mkoba. Basi kila anayetaka kujua bei inabidi aulize, na akiuliza amejitangaza kwamba kwake bei ni jambo la kuuliza. Viti vipo, lakini hukai mpaka ukaribishwe. Mtu ambaye hajakaribishwa atasimama katikati ya sakafu ya marumaru, mikono hajui aiweke wapi, na ndani ya dakika mbili atatoka mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza.

Hapo ndipo binamu yangu alipokuwa.

Tena kuna lugha yetu. Meneja akiniambia "hebu niangalizie stoo" huku nina mteja, maana yake niachane naye. Tukimwambia mtu mkoba "haupo", mara nyingi upo, umewekwa nyuma kwa ajili ya mwenye jina daftarini. Mambo haya yameshafika mbali: Machi 2024 wateja wa California waliishtaki Hermès, kampuni ya kifahari ya Ufaransa, wakidai wanalazimishwa kununua vitu vingine kwanza ndipo wafikiriwe kuuziwa mkoba wa Birkin, na mahakama ikaitupilia mbali kesi yao mwaka uliofuata. Sisi wafanyakazi wa Afrika Mashariki tuna neno letu wenyewe kwa wale wasiotarajiwa kununua. Tunawaita "wa dirishani". Nilikuwa nalitumia. Nimeacha, na wenzangu wananiona najifanya mwema.

Saa 6:10 mchana

Aliingia bibi wa Muscat na binti zake wawili. Mlinzi alimfungulia kabla hajaufikia mlango. Meneja mwenyewe alitoka ofisini. Kahawa ikaja, tende zikaja, viti vikavutwa. Alikuwa na abaya nyeusi ya kawaida kabisa, ila aliyejua kusoma alikuwa keshasoma mkoba wake.

Nilimsikia akimwambia binti yake, "Hebu ule, wa rangi ya kahawia," kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Nikamwambia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu! U mtoto wa wapi?"

"Mombasa, bibi. Majengo."

Akanishika mkono na glavu yangu. Akanieleza kwamba yeye kazaliwa Unguja, Malindi, akahamia Oman msichana. Wako wengi namna hiyo Muscat, waliokulia Zanzibar na ambao mpaka leo nyumbani kwao wanasemezana Kiswahili. Tukazungumza urojo na mikate ya mofa kabla ya kuzungumza mkoba. Nilipomtajia bei akafanya kitu ambacho hakifanyiki kamwe katika duka letu.

"Punguza, mwanangu."

"Bibi, hapa hatupunguzi."

"Basi niondolee hata ule ushuru."

Ushuru ni asilimia 5, umo katika bei tangu Januari 2018, na siwezi kuugusa. Tulicheka sote, meneja akacheka zaidi. Alinunua mkoba mmoja wa binti mdogo. Alipoondoka meneja alisema, "Mama mzuri sana yule, hana maringo." Nakubaliana naye. Lakini nilijiuliza hapo hapo: kama aliyeomba kupunguziwa angekuwa mtu mwenye ndala, kicheko chetu kingekuwa cha namna gani?

Saa 8:00 mchana

Sheria ya kazi ya hapa hairuhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo bila kupumzika, basi saa 8 nakwenda kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, chini kabisa. Tunakaa meza moja: dada wa Nakuru anayeuza manukato, kijana wa Mbarara ambaye ni mlinzi duka la saa, na mimi. Nilikuwa na maharagwe ya nazi na chapati mbili za jana.

Kijana wa Mbarara hasemi sana. Siku hiyo alisema. Kazini kwake ameelekezwa kwamba mtu fulani akiingia amfuate hatua tatu nyuma, asimguse, asimsemeshe, awepo tu. "Fulani" huyo hakuandikwa popote. "Lakini dada," aliniambia, "hawajawahi kunionyesha nimfuate Mzungu. Nawafuata wanaofanana na kaka zangu. Wananigeukia wananitazama usoni, na mimi sina la kuwaambia." Alikuwa anageuza geuza kijiko mezani, chakula hajakigusa.

Dada wa Nakuru akaleta hadithi ya Oprah. Wengi mnaijua. Mwaka 2013 Oprah Winfrey, yule mtangazaji tajiri wa Marekani, alikuwa Zurich, Uswisi, kwa ajili ya harusi ya mwimbaji Tina Turner, akaingia duka moja akaomba kuonyeshwa mkoba wa ngozi ya mamba uliokaribia dola 38,000. Kwa maelezo yake, muuzaji alikataa kuushusha akimwambia ni ghali mno kwake. Mwenye duka alisema walikosa kuelewana tu. Habari ilipozagaa dunia nzima, shirika la utalii la Uswisi likaomba radhi.

"Ndiyo maana," akasema dada wa Nakuru, "usimdharau mtu. Hujui ni nani."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi, hata mamangu hulisema, na siku hiyo nilihisi lina kasoro ambayo sikuwahi kuiona. Nikamuuliza, "Na kama asingekuwa Oprah?"

"Vipi?"

"Kama angekuwa mama wa Nakuru tu, hana hata dola 38, anataka kuona ngozi ya mamba inafananaje. Muuzaji angekuwa sawa?"

Akanyamaza. Hadithi hizi za mtu aliyevaa vibaya kumbe tajiri zinapendwa sana mitandaoni, na kila moja inaishia pale aliyedharau anapojuta kwa kukosa pesa. Kosa lake linakuwa kosa la hesabu. Alikisia vibaya. Ina maana angekisia vizuri, dharau ingekuwa halali. Mimi sitaki tufundishwe kukisia vizuri zaidi.

Barabara ya Biashara, Mombasa, mamangu alikuwa akinunua leso doti moja kwa mwaka, labda mbili mwaka ukiwa na harusi. Tukiingia dukani muuzaji alitukaribisha kwa jina, akatoa bunda la leso, akaanza kuzifungua moja baada ya moja juu ya meza. Alizitandaza mpaka mji na pindo vionekane, akasoma jina kwa sauti, mama akacheka au akaguna, inakuja nyingine. Kumi. Kumi na tano. Wakati mwingine tulitoka bila kununua, na mimi mtoto nikaona haya kwa kazi aliyoachiwa ya kuzikunja upya. Yeye alikuwa akisema, "Karibuni tena, mama." Hakuwa mtakatifu, bei zake zilikuwa kali na alijua kubishana. Lakini kumfungulia mtu leso aione ilikuwa sehemu ya kuwa na duka la leso. Huko ndiko nilikojifunza kuuza, kabla sijajua kwamba nafunzwa.

Saa 9:35 alasiri

Duka lilikuwa limechangamka. Nilimwona kupitia kioo kabla hajaingia. Alisimama nje ya kamba muda mrefu, akaondoka, akarudi. Msichana wa miaka 26 hivi, gauni refu la maua, mtandio umepigwa pasi vizuri sana, ndala za ngozi ya bandia, mfuko wa nailoni wa duka la vyakula. Alipoingia wauzaji wanne waliokuwa bure wakapata kazi papo hapo. Mmoja akaanza kufuta rafu safi. Mmoja akafungua droo. Mlinzi akasogea hatua mbili.

Hakutangatanga. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu, akasimama mbele ya mkoba wa ngozi ya ndama rangi ya mchanga, mikono ameifumba nyuma yake kama mtoto aliyeonywa asiguse. Akasoma kibao changu cha jina kifuani, akanitazama usoni.

"Samahani dada. Wewe Mswahili?"

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijamwambia hata mamangu. Ramadhani ya mwaka juzi aliingia mama mmoja na mwanawe wa kiume, amejifunga kitenge, na bidhaa za Deira kwenye mfuko mkubwa wa plastiki. Alikisia kutokana na jina langu, akaniambia, "Habari za kazi mwanangu." Meneja wa wakati huo alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa sijafikisha tageti miezi miwili. Nikamjibu kwa Kiingereza, nikamuuliza kama anahitaji msaada, kwa sauti ile ya dukani. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mwanawe akasema taratibu, "Si mwenzetu." Wakatoka. Sentensi ile naisikia mpaka leo nikiwa napiga pasi suti.

"Ndiyo, dada," nikamjibu huyu. "Mimi wa Mombasa. Karibu sana."

"Mimi wa Muheza, Tanga." Mabega yake yakashuka. "Naomba kuuona huo tu. Sinunui. Nisikudanganye."

Nikavuta kiti, nikamwambia akae. Nikatandaza kitambaa cha mahameli juu ya meza ndogo, nikaushusha mkoba kwa mikono miwili, nikauweka mbele yake kama nilivyomwekea bibi wa Muscat. Hakuugusa. Aliinamisha kichwa akaangalia pembeni, chini, kwenye makutano ya mshikio na mwili wa mkoba.

"Kumbe ukiwa mpya unakuwa hivi," akasema.

Anafanya kazi za ndani katika nyumba moja huku, mwaka wa pili. Bosi wake anao mkoba huo huo, na kila Alhamisi yeye ndiye anayeutunza. Akanieleza anavyofanya, na mimi niliye na cheti cha mafunzo nikamsikiliza. Haupangusi kwa maji. Anatumia pamba kavu, kwa mizunguko midogo. Anaujaza karatasi nyeupe isiyo na maandishi usije ukapinda, maana ya gazeti huacha wino. Mishikio ndiyo huharibika kwanza, kwa mafuta ya mikono na manukato. Ule wa bosi umegeuka rangi ya chai hapa, akanionyesha kwa kidole bila kugusa, upana wa vidole vinne. Kwa hiyo yeye huifunga mishikio kwa vitambaa vya pamba kabla ya kuutia katika mfuko wake.

"Gusa," nikamwambia. Nikavua glavu zangu nikampa. Akazivaa taratibu, kidole kwa kidole.

Aligeuza ukingo wa mkoba akaanza kuufuata mshono kwa kidole. Nikamweleza: uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha, zinapishana katika tundu moja, ndiyo maana uzi ukikatika mahali pamoja mshono uliobaki haufumuki.

Akacheka, kwa mara ya kwanza. "Baba hushona hivi."

"Baba yako?"

"Fundi viatu, pale stendi Muheza. Sindano mbili, uzi anausugua nta ya nyuki. Mimi ndiye nilikuwa namsugulia." Akauinua mkoba kwenye taa. "Nilipouona ule wa bosi nikasema huu mshono naujua. Nikamwambia, akasema haiwezekani, huu unatoka Ulaya. Nikataka nije niuone mwenyewe ukiwa haujachakaa."

Akauliza bei. Nikafungua mfuko mdogo wa ndani nikamwonyesha karatasi badala ya kuitamka, wenzangu wasisikie. Dirhamu 21,500. Akapiga hesabu kwa midomo bila sauti. Analipwa 1,200.

"Karibu miezi 18," akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama fundi anayetaja kipimo. Kisha akaugeuza tena akautazama mshono wa chini, akatikisa kichwa kidogo. "Huku chini wa baba umenyooka zaidi."

Nilitazama. Alikuwa anasema kweli. Mahali pamoja tundu mbili zimekaribiana. Mkoba umepita mikononi mwangu mara mia sijawahi kuliona.

Meneja akapita karibu yetu. "Hebu niangalizie stoo."

"Nikimaliza na mgeni," nikasema.

Akavua glavu, akazikunja, akanirudishia. Mlangoni aliuliza kama Jumapili ijayo anaweza kuja na mwenzake, msichana wa Korogwe, anatamani sana kuona ndani ila anaogopa. Tukaandikiana namba za simu. Mlinzi alimfungulia mlango. Hilo nililiona.

Saa 10:30 jioni

Ofisini meneja hakunifokea. Si mtu mbaya, na ningekuwa mwongo nikimchora hivyo. Ana miaka 14 katika biashara hii, ameanzia kwenye kupanga maboksi, na kila mwezi anajibu kwa wakubwa wake kwa tarakimu. Aliweka mbele yangu dakika 25. Katika dakika hizo mteja mwenye miadi alisubiri, na mwenzangu ndiye aliyemhudumia, na kamisheni imekwenda kwake. Mikoba miwili.

"Ulijua hanunui," akasema.

"Aliniambia mwenyewe."

"Basi?"

Nikamwambia kwamba kuna binamu yangu aliyelia nje ya duka la jirani. Nikamwambia kwamba kumkaribisha mtu hakutupunguzii chochote rafuni. Nilitaka kumwambia pia juu ya yule mama wa Ramadhani, sauti ikanikatikia kooni, nikaacha. Alinitazama muda kidogo. Kisha akasema ataliandika kama onyo la mdomo, si la karatasi, na kwamba lisirudie. Nikatia sahihi mahali alipotaka nitie kuonyesha kwamba tumeongea.

Sikumwambia lisingerudia. Hakuniuliza, nami sikujitolea kuahidi.

Saa 12:20 jioni

Kabla ya kukabidhi zamu ni kazi yangu kuifunika mikoba ya rafu ya tatu inayopelekwa stoo usiku. Nilichukua ule wa rangi ya mchanga. Nikaujaza karatasi nyeupe, nikakata kitambaa cha pamba vipande viwili, nikaifunga mishikio yote miwili. Mwenzangu aliuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa dada mmoja wa Muheza, anayetunza mkoba kama huu kila wiki. Akaniangalia, kisha akakata vipande vyake akafunga mishikio ya mikoba miwili iliyobaki.

Mlinzi wa mlango wa nyuma akaufungua mfuko wangu wa plastiki, akaufunga.

Kwenye metro nilipata nafasi ya kukaa. Simu ikalia: ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. "Dada, nimefika salama, asante. Jumapili tutakuwa wawili, saa nne, kabla watu hawajajaa. Au tutakuletea matatizo?"

Nikafungua ratiba ya wiki ijayo. Jumapili nimepangwa asubuhi, na meneja pia. Treni ilikuwa inaingia stesheni ya Union, watu wameshasimama. Nikaandika, "Karibuni."